Tujue Maneno Yetu: KISA

Mwanafunzi asomaye Kifaransa hukutana na neno "anecdote". Atalitafsirije? Mmoja huandika hadithi, mwingine ngano, mwingine kichekesho. Basi tuyapime maneno hayo.

Hadithi ni jina la jumla: yaweza kuwa ya kweli au ya kubuni. Ngano ni ya kubuni, kama zile za sungura na fisi. Hakuna aulizaye zilitukia siku gani. Kichekesho hutafuta kicheko tu. Lakini "anecdote" ni habari fupi ya jambo moja lililompata mtu fulani. Hicho ndicho kisa.

Neno hili latoka katika Kiarabu, "qissa". Waswahili waliposikia ki- mwanzoni, walilipanga pamoja na kitu na kikapu. Kwa hiyo twasema kisa kimoja, visa viwili. Tena kisa ni sababu: "Kisa cha ugomvi huo ni nini?" Naye aambiwaye kwamba ana visa hasifiwi, maana yake ni mtu wa vituko na hila.

Neno la Kifaransa nalo lina onyo lake. Asili yake ni Kigiriki, yaani mambo yasiyotangazwa. Kwa jina la Anekdota chajulikana kitabu cha Procopius, mwandishi wa karne ya 6, kilichofichua siri za Kaisari Justinian na mkewe Theodora. Humo Kaisari aitwa hata pepo mwenye umbo la mtu! Miaka zaidi ya 1,400 imepita, na visa vile bado vyatia doa majina ya wawili hao.

Ikiwa wafalme hawakuokoka, je, jirani yako? Mtu akisimulia jinsi muuza samaki mmoja alivyompunja, amesimulia kisa. Akiongeza kwamba wauza samaki wote ni wezi, ameacha kisa, ameingia katika masingizio. Kisa cha mmoja si hukumu ya wengi.

Basi, kabla ya kufungua kinywa, jiulize: Nani aliyeona? Chanzo chake ni nini? Mwenyewe angekuwapo hapa, ningesimulia hivi hivi? Asiyeweza kujibu hana kisa; ana uvumi tu, na uvumi afadhali uishie kwake.