Jina kama Ushahidi: Maoni kuhusu Asili ya Sanamu Kongwe za Usukuma na Uzinza

Sanamu kongwe ya mti, yenye mabaki ya udongo mweupe na masizi, ikimfikia mtaalamu, swali la kwanza huwa: imetoka wapi? Kwa sanamu za Shinyanga na Geita, jibu huwa limekwisha andaliwa: ni ya Kisukuma. Makala haya yanadai kwamba jibu hilo halitoshi, na kwamba tumepuuza ushahidi ulio karibu nasi, yaani jina ambalo wenyewe hukiita kitu hicho.

Kwanza, sukuma katika lugha ya wenyeji ni upande wa kaskazini, kama dakama ilivyo kusini. Upande wa dunia haumtambulishi mchongaji. Pili, kitu kilipookotwa sipo lazima kilipochongwa. Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, ulioanza mwaka 1947, ulihamishia watu wengi Geita, penye Wazinza; dhahabu nayo imevuta wengine. Waliohama hawakuacha nyuma vitu vya wahenga wao. Tatu, maabara ina mipaka: kipimo cha kaboni hakitofautishi vema miti ya karne tatu zilizopita, na mninga huota katika miombo yote ya magharibi.

Hapo ndipo isimu inapohitajika. Wasukuma huviita vitu vya kuwaenzi masamva, yaani mizimu ya ukoo, shitongelejo. Kiambishi shi- ni cha ngeli inayolingana na vi- ya Kiswahili. Kizinza, kilicho jamaa ya Kihaya, hutumia ebi- mahali hapo. Silabi moja yaweza kutuelekeza kwa jamii iliyokitumia kitu.

Aidha, jina hutenga ibada na ngoma. Vyama vya Bagika na Bagalu vilichonga sanamu za kuwavutia watazamaji katika mashindano ya baada ya mavuno. Kuiita sanamu ya namna hiyo mzimu ni kuwasingizia watu ibada wasiyoifanya, hata kama bei yake itapanda. Hans Cory, katika kitabu chake cha mwaka 1953 kuhusu michoro ya ukutani ya bayeye, wachezaji wa nyoka, hakuishia kwenye rangi. Alieleza pia maana.

Yaweza kupingwa kwamba neno hukopwa, na mchuuzi huweza kulikariri. Ni kweli. Jina ni shahidi, si hakimu. Ndiyo maana shahidi huyo sharti ahojiwe: nani hukirithi kitu hiki, hutolewa lini, hutendewa nini? Aliyekariri neno hukwama katika swali la pili.

Kwa hiyo, wanafunzi wetu wa uzamili hawana budi kwenda Makumbusho ya Usukuma, Bujora, kisha Kahama na Geita, wakayaandike majina haya pamoja na lahaja zake. Mti waweza kungoja katika kabati la makumbusho. Mzee anayelijua jina lake hangoji.