Tusimalizie Hasira kwa Mama wa Mchicha

Wanachuo wenzangu, likitajwa suala la Mto Msimbazi wa kwanza kulaumiwa ni mama wa mchicha. Hata mimi nilikuwa hivyohivyo, mpaka nilipokwenda mazoezi ya kufundisha. Nilichora mto ubaoni: unatoka vilima vya Pugu, unapita Vingunguti, Kigogo, Jangwani, unaingia baharini pale Daraja la Selander. Mwanafunzi akauliza, "Mwalimu, mbona mabomba ya viwanda hujayachora?" Nikakwama, jamani.

Madini ya risasi na kromiamu yaliyopimwa kwenye mboga za bonde lile hayakupandwa na mkulima. Yeye anamwagilia maji anayoyakuta. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli zinazoweza kuudhuru mto ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Sawa, bustani ikiwa ndani inaonekana hata kwa macho. Lakini kiwanda kinaweza kukaa mbali na mita hizo, bomba lake likafika mtoni lenyewe, tena usiku mvua ikinyesha.

Tunataka mchicha salama? Basi maji yapimwe pale bomba linapomwaga, na majibu yabandikwe ofisi ya serikali ya mtaa, huyo mama ayasome.