"Mpya" ya kwetu ni ipi?

Mwandishi umeeleza vizuri kuhusu kuchagua kati ya gari jipya na mtumba, ila hilo neno "gari jipya" kwa sisi wa huku Kahama lina utata. Mpya ya kwetu ni Hiace iliyoshuka melini Dar ikitokea Japani, imeshatumika huko miaka 10 na zaidi, na juu yake TRA wanakutoza ushuru wa uchakavu. Kwa hiyo tunachagua kati ya mtumba na mtumba! Mimi nauza vitenge minadani, Katoro, Nyarugusu mpaka Kakola, na usiku nalala humo humo garini na mzigo wangu. Gari la kwanza nilichukua namba D, yaani lililokwisha kusajiliwa na kutumika hapa hapa nchini, kwa mtu. Nikasikiliza injini, nikakagua viti, chini sikuinama. Kumbe lilishazunguka sana barabara za machimboni: chesesi imechomelewa sehemu mbili, bushi zimekwisha, mvua ikinyesha naamka godoro limelowa. Kaka uliyetoa maoni hapo juu ukisema namba D ni nafuu, ni kweli, ila nenda na fundi wako, siyo wa muuzaji, mlipandishe kwanza kwenye shimo (la gereji, siyo la dhahabu). La pili niliagiza. Nilisubiri miezi miwili roho juu, lakini milango yake haipitishi vumbi.