Chimbeni Shimo Kabla ya Mvua za Machi

Ndugu zangu wa Kericho na Bomet,

Kila Oktoba bonasi ya chai inapotangazwa, hakuna kijiji chetu kinacholala mapema. Tunahesabu kilo, tunalinganisha kiwanda na kiwanda, tunauliza kwa nini wenzetu wa mashariki ya Bonde la Ufa wamelipwa zaidi yetu. Maswali hayo ni halali na yaendelee kuulizwa. Ombi langu ni tuongeze swali moja lisilohitaji mkurugenzi wala mkutano wa wenye hisa: je, udongo tunaoukanyaga bado unakunywa maji?

Nawaandikia nyote, wa majani chai na wa ng'ombe. Mtu akisema Kericho na Bomet, mgeni huwaza chai tu, kijani toka kilima hadi kilima. Sisi tunajua kwamba ukitoka Mogogosiek ukateremka kusini hadi Sigor, Kong'asis na Chebunyo, chai inakwisha, miti ya miiba inaanza, na mali ya mtu ni mifugo yake. Huko si jangwa. Ila mvua ni chache kuliko za juu na hazina adabu: huja kwa kishindo, zikabomoa njia, kisha zikatokomea wiki nyingi. Kwa hiyo tuna udongo wa namna mbili katika nyumba moja, na kila mmoja una la kumfundisha mwenzake.

Tuanzie juu. Udongo mwekundu wa Kericho ni wa ajabu, nasi tumeuzoea mno hata hatuushangai. Ni mfinyanzi kwa zaidi ya asilimia 30, na kwa kawaida mfinyanzi mwingi kiasi hicho hutuamisha maji. Huu wetu hautuamishi. Chembe zake zimeshikana kuwa vibonge vidogo vyenye kingo na uso unaong'aa, na kati ya kibonge na kibonge pana nafasi za maji, hewa na mizizi. Mashimo ya mizizi iliyooza na njia za nyungunyungu humalizia kazi. Udongo huo huenda chini mita kadhaa bila kugonga mwamba, na mchai uliokomaa huufuata huko, ndiyo maana huvumilia kiangazi cha Januari na Februari.

Hata rangi ni ushahidi. Wekundu ule ni chuma kilichopata hewa. Mahali maji yanapokaa muda mrefu, hewa hukosekana, wekundu hufifia, na ukichimba utakuta kijivu chenye madoa ya kutu. Mkulima hahitaji cheti kusoma hilo; anahitaji jembe na macho. Ukikuta kijivu kwenye sentimita 50, usipande chai pale hata kama jirani anakucheka.

Mvua nyingi za juu zina jambo jingine: miaka na miaka zimeosha chokaa na magnesia zikazishusha chini, zikaacha udongo wenye tindikali. Mahindi hulalamika, chai hufurahi, kwa kuwa hupenda pH kati ya 4.5 na 5.6 hivi. Watu wa kampuni ya chai ya Brooke Bond walipoingia miaka ya 1920 hawakuwa wakibahatisha, na taasisi ya utafiti wa chai ya Afrika Mashariki haikuanzishwa Kericho mwaka 1951 kwa sababu ya mandhari. Baadaye kazi hiyo iliwekwa chini ya KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, na milango yake iko hapa hapa kwetu.

Sasa teremkeni nami hadi malishoni, maana huko ndiko shida ilikojificha. Kwenye miinuko ya nchi kavu mara nyingi utakuta udongo mwepesi zaidi, wa kahawia au mwekundu hafifu, wenye mchanga ndani yake. Mboji ni kidogo kwa sababu nyasi ni chache. Tindikali ni ndogo kwa sababu mvua haitoshi kuosha chumvi zake, na pengine ukichimba sana unakutana na vinundu vyeupe vya chokaa. Hewa imo tele, mizizi hupita bila taabu, na mchwa, ambao tunawalaani kwa kula nguzo za nyumba, wametoboa njia nyingi za kupeleka maji chini. Mabondeni mambo ni mengine: mfinyanzi mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika. Lakini udongo wa mwinuko ule, kwa vipimo vya kitabuni, unapitisha maji vizuri.

Basi mbona ng'ombe wanakonda juu yake?

Kwa sababu mlango umefungwa. Nyasi zikiliwa hadi shina, tone la mvua hupiga udongo mtupu, huvunja vibonge, na chembe laini huziba matundu ya juu. Jua likitoka, huganda kuwa gamba jembamba, la milimita chache tu. Mvua inayofuata huteleza juu ya gamba hilo kama juu ya bati la nyumba. Futi moja chini ni vumbi kavu, huku mtoni maji ya tope yanavunja madaraja. Watu husema mvua imekosekana. Mara nyingine ilikuja, tuliifungia nje.

Maji hayo si yetu peke yetu. Mto Nyangores hupita mjini Bomet, hukutana na Amala, na kwa pamoja huwa Mara, mto wa kilomita 395 unaonywewa na Wamaasai, na nyumbu, na Watanzania kabla haujaingia Ziwa Viktoria. Kila Septemba 15 nchi zetu mbili huadhimisha Siku ya Mara, hotuba zikasomwa na miti ikapandwa. Ningependa kuona mwaka mmoja hotuba zikifupishwa na wageni wa heshima wakikabidhiwa sepetu.

Maana wito wangu ndio huo: kila boma lichimbe shimo. Futi moja kwenda chini, futi moja upana, kabla ya mvua za Machi. Tazameni rangi, hesabuni mizizi, tafuteni nyungunyungu. Kisha mjaze maji, myaache yaishe, mjaze tena, na mara hiyo mpime kwa rula ya mtoto wa shule. Yakishuka sentimita 2 hadi 7 kwa saa, udongo wenu una afya ya ndani. Yakisimama, mmepata habari muhimu kabla ya kutoa pesa ya mbolea. Na wa malishoni wafanye jambo la pili: wamwage kikombe cha maji juu ya ardhi tupu, na kikombe kingine chini ya shada la nyasi, hatua tano kutoka hapo. Tofauti mtakayoiona haihitaji mtaalamu wa kuieleza.

Dawa inajulikana, na si ya kubahatisha. Chepareria, Pokot Magharibi, ardhi iliyokuwa imekwanguka ilianza kuzungushiwa ua mwaka 1987, mradi wa kilimo-misitu wa Vi ulipofika. Familia zikapumzisha malisho, nyasi zikarudi, na leo watu huuza mbegu za nyasi na maziwa. Shinyanga, Tanzania, Wasukuma walikuwa na desturi yao ya ngitili, kutenga malisho ya kiangazi. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulioanza 1986 uliifufua, na zaidi ya hekta 300,000 zikarejea. Kule hawakuletewa udongo mpya. Walipumzisha ule ule.

Kilicho kigumu ni makubaliano, si kazi. Uzio wa mtu mmoja huwa chuki ikiwa majirani hawakushirikishwa, hasa mwezi wa njaa ya mifugo. Kwa hiyo nawaomba wazee wa Chepalungu, kule kwenye malisho yetu, walipeleke jambo hili kwenye baraza la chifu sasa, wakati nyasi bado ziko, wakubaliane kipande kipi kifungwe na kwa muda gani. Vikundi vya akina mama wanaouza maziwa Siongiroi wawe mstari wa mbele, kwani ndio wanaojua debe linapungua lini. Gamba likwaruzwe, vitengenezwe vizuizi vya nusu duara vinavyoelekea mlima, ndani yake zipandwe nyasi za Boma Rhodes. Na tafadhali, msichome nyasi kuukuu.

Wenzangu wa chai msidhani mmeponyoka. Mkishapogoa, yale matawi ni blanketi la shamba. Najua kuni ni ghali, lakini kila mzigo mnaoupeleka jikoni ni mboji mnayoinyima ardhi. Maji ya barabara yasielekezwe shambani kwa jirani. Na bulugamu tulizopanda kando ya chemchemi, kwa tamaa ya kuuzia viwanda kuni, tuziondoe tukaweke miti ya asili.

Mkishachimba, pelekeni udongo upimwe. Chukueni udongo wa mwiko mmoja kutoka kila moja ya sehemu 15 au 20 za shamba mkitembea kwa mshazari, kina cha sentimita 20, mchanganye kwenye ndoo safi, mtoe nusu kilo, muandike jina na kipande cha shamba. Msichukue penye zizi la zamani, kichuguu, wala palipowekwa mbolea karibuni. Chai, mahindi na malisho kila kimoja kiwe na mfuko wake, maana chokaa inayoponya shamba la mahindi inaweza kuiumiza chai. Afisa wa kilimo wa wadi yenu atawaelekeza pa kupeleka. Akiwa haonekani, mwendeeni kumi kwa pamoja, kila mtu na mfuko wake mkononi.