Tundu kuzibwa si mama kukauka

Kila Mei 23, Siku ya Kimataifa ya Kutokomeza Fistula ya Uzazi, tunasomewa idadi. Kambi ya upasuaji imefana, wanawake kadhaa wamepasuliwa, wafadhili wanashukuriwa, picha zinapigwa. Siku hiyo imeadhimishwa tangu 2013 na hatuna ugomvi nayo. Tunaomba tu mwakani mgeni rasmi aulizwe swali moja kabla hajashuka jukwaani: kati ya hao, wangapi wamekauka?

Kukauka ni neno la wodini. Mama aliyezoea kukunja kipande cha khanga na kukiweka katikati ya mapaja, akakibadilisha mara kumi kwa siku, anaamka asubuhi anapapasa godoro na kulikuta kavu. Hapo ndipo anaamini ametibiwa. Daktari anaweza kuandika kwamba tundu limefunga, na akawa amesema kweli, huku mama anavuja kila akikohoa au kuinua ndoo, kwa sababu njia ya mkojo ilikuwa imeharibika au imefupika. Kwa hesabu ya kambi huyo amepona. Kwa jirani aliyekaa naye kwenye daladala, bado.

Chanzo kinafahamika. Uchungu pingamizi, mtoto amekwama, kichwa kinakibana kibofu kwenye mfupa wa kinena kwa siku mbili au tatu. Nyama inakosa damu, inakufa, na baada ya siku chache inabanduka na kuacha uwazi kati ya kibofu na uke. Hilo ndilo tundu, yaani fistula. Mara nyingi mtoto naye amepotea. Tundu dogo ambalo pembezoni mwake kuna nyama laini hushonwa bila makuu. Kazi iko kwa mama ambaye nyama yake imegeuka kovu tupu. Kushona kovu kwa kovu ni kama kushona kitambaa kilichooza: uzi unakamata, kitambaa kinaachia.

Hapo ndipo inapohitajika nyama kutoka pengine. Mwaka 1928 daktari Mjerumani, Heinrich Martius, alieleza njia ambayo hadi leo inaitwa kwa jina lake. Daktari anachana shavu moja la uke na kulitenga fungu la mafuta lililo ndani yake, lakini halikati lote. Upande mmoja anauacha umeshikamana na mishipa yake ya damu. Kisha anatoboa njia chini ya ngozi, analipitisha fungu hilo na kulilaza juu ya mshono, katikati ya kibofu na uke. Fundi bomba angeelewa haraka kuliko wengi wetu: kiraka kimehamia nyumba mpya bila kukatiwa maji. Damu yake ndiyo inayotarajiwa kukilisha kidonda ambacho chenyewe hakina damu ya kutosha.

Palipopotea nyama nyingi zaidi, huchukuliwa msuli mwembamba wa upande wa ndani wa paja, ambao mtu anaweza kutembea bila huo. Uke ukiwa umefungwa na makovu, ngozi ya kwenye kinena huzungushwa, nayo ikiwa na mishipa yake, ili kuujenga upya ukuta. Kuna wanawake ambao njia ya mkojo imekwisha kabisa, nao hutengenezewa nyingine. Kazi hii haijifunzwi kwa semina ya siku tatu.

Wala si kila mgonjwa anahitaji kiraka. Mwaka 2006 Andrew Browning, daktari aliyepasua wagonjwa wengi wa fistula Ethiopia na baadaye Tanzania, alichapisha matokeo yake: alipoacha kutumia mafuta ya Martius, matundu yalifunga vilevile. Wapo wanaokubaliana naye, na wapo wasioweza kumwacha mgonjwa mwenye kovu baya bila kiraka. Sisi si madaktari na hatuwaamulii. Tunachokiona katika ubishi huo ni kwamba mgonjwa anahitaji mtu anayejua kuchukua mafuta na anayejua pia lini ayaache.

Na anamhitaji mara ya kwanza. Kila upasuaji ulioshindikana huacha kovu jipya juu ya lile la zamani, na tundu lililokuwa rahisi linakuwa gumu. Shirikisho la kimataifa la madaktari wa uzazi, FIGO, lilitoa mwongozo wa mafunzo mwaka 2011 wenye ngazi tatu za wapasuaji, ili asiyefika ngazi fulani asiguse tundu la ngazi hiyo. Mwongozo ni mzuri. Kambi ina mantiki nyingine: bingwa yupo kwa wiki moja, foleni imetoka wilaya nne, redio imetangaza, na orodha ya siku lazima ijae. Katika hali hiyo daktari anayempima mama na kusema "huyu si wangu, apelekwe mbele" anaonekana hajafanya kitu. Ahesabiwe kuwa amefanya kazi.

Halafu kuna usiku baada ya upasuaji. Mama analala na mpira wa mkojo, anahimizwa anywe maji mengi, mkojo unatiririka kwenye mfuko. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mpira ukae siku 7 hadi 10 kwa tundu rahisi. Kwa magumu huachwa zaidi. Mpira ukijikunja chini ya paja saa nane usiku na asiuone mtu, kibofu kinajaa, mshono unavutwa, na kazi ya mikono ya bingwa inaharibiwa na usingizi wa muuguzi mmoja aliyeachiwa wodi nzima. Bajeti za kambi hupenda kununua nyuzi na vifaa. Zamu ya usiku haipigwi picha.

Tusijidanganye pia kwamba fistula ni ya mama aliyejifungulia nyumbani tu. Wanawake 5,959 waliotibiwa fistula katika nchi 11 kati ya 1994 na 2012 walipochunguzwa, 805 kati yao walikuwa wameumizwa na tabibu, wengi wakati wa upasuaji wa uzazi au wa kutoa kizazi. Kadiri vituo vya afya vinavyofungua vyumba vya upasuaji, jambo ambalo tumelipigania wenyewe katika safu hii, anayeshika kisu humo anahitaji msimamizi. Na kuna chanzo kingine, vita: huko Bukavu, Kongo, Hospitali ya Panzi ya Dk. Denis Mukwege, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, imelazimika kujenga upya miili iliyoraruliwa kwa makusudi vitani. Majeraha yanatofautiana kwa chanzo. Mezani yanadai ustadi uleule.

Nauli nayo ni sehemu ya matibabu. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ililielewa hilo mapema ilipoanza kuwatumia wagonjwa wa fistula nauli kwa M-Pesa mwaka 2009, kwa sababu upasuaji wa bure haumfai asiye na pesa ya basi. Nauli hiyo iwepo pia kwa safari ya pili, ya kurudi kuangaliwa.

Kwa hiyo tunaiomba Wizara ya Afya jambo dogo la karatasi. Daftari la upasuaji wa fistula liwe na safu ya miezi mitatu baadaye: mkavu, anavuja, au hajaonekana. Kambi itakayoiacha tupu isitangaze idadi yoyote Mei 23.