Mafundi wa vifaa saidizi watufuate vijijini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu wananchi wenzetu ambao miili yao haiwatii: wakisimama huyumba, wakiketi huangukia upande. Wengine wamezaliwa na mtindio wa ubongo, wengine wamepatwa na kiharusi ukubwani.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Katesh, wilayani Hanang. Niliwahi kufundisha mtoto mmoja wa aina hiyo. Mama yake alimfunga kitini kwa khanga. Akili yake ilikuwa timamu kabisa, ila nguvu zake zote ziliishia katika kujizuia asianguke, asibakiwe na za kushikia kalamu. Ndugu walichanga, akapelekwa Moshi, akarudi na kizibao kigumu cha plastiki cha kushikilia kiwiliwili. Muhula ule aliandika jina lake. Lakini mtoto hukua. Mwaka uliofuata kizibao kilimbana kikamchubua mbavuni, na nauli ya kurudi Moshi haikuwapo. Kizibao kikatundikwa ukutani, mtoto akabaki nyumbani.

Ndugu Mhariri, kifaa cha namna hii si shati la dukani. Fundi huchukua umbo la mwili kwa plasta, hupasha plastiki moto na kuilaza juu ya umbo hilo, kisha hukata hapa na kulegeza pale mpaka kimkae mwenyewe. Hakiponyi ugonjwa, bali humshikilia mtu huku akiendelea na mazoezi. Mtoto lazima apimwe upya kila anapokua. Kutoka Katesh hadi Moshi, kupitia Babati na Arusha, ni zaidi ya kilomita 300. Mkulima gani ataweza safari hiyo kila mwaka, akiwa na mtoto mgongoni?

Ujuzi tunao hapa hapa nchini. Chuo cha TATCOT, katika eneo la Hospitali ya KCMC, kimekuwa kikifundisha mafundi hao tangu mwaka 1981, na hata nchi nyingine za Afrika huleta wanafunzi wao. Aidha, mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, unaotaka vifaa hivi vipatikane kwa gharama nafuu. Pamoja na hayo, ripoti ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2022 ilisema katika baadhi ya nchi maskini ni watu 3 tu kati ya 100 wanaohitaji vifaa saidizi ndio wanaovipata.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, mafundi wapangiwe siku maalumu, angalau mara mbili kwa mwaka, za kufika katika hospitali za wilaya kupima na kurekebisha vifaa. Pili, bima ya afya ilipie kifaa pamoja na marekebisho yake, kwani kununua bila kurekebisha ni kutwanga maji kwenye kinu. Tatu, sisi walimu na wahudumu wa afya wa vijiji tuorodheshe wanaohitaji, wakiwamo wale wanaofichwa ndani kwa kudhaniwa wamelaaniwa. Kiti cha kumkingia mtoto seremala wetu anaweza kukichonga, lakini kifaa cha kuvaliwa mwilini kikikosewa huleta vidonda. Hicho tumwachie fundi aliyesomea.

Wapo watakaosema mafundi hawawezi kufika huku. Maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yalipotukumba tarehe 3 Desemba, 2023, madaktari walitufuata hapa hapa Katesh, nasi tunashukuru. Barabara waliyopita wao na fundi wa vizibao anaweza kuipita. Wahusika walifikirie jambo hili mapema, kwani mtoto hasubiri bajeti ndipo akue.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Katesh, Hanang.