Jointi ya Krosi Haitoshi Kichwani mwa Rota

Hoja za wanaodai kwamba kitovu kinachoinama cha rota ya helikopta kinaweza kuendeshwa kwa jointi ya krosi mmezisikia. Zipimeni moja moja.

Kwanza, wanasema rota huinama kidogo tu, kwa hiyo kasi haiyumbi kiasi cha kudhuru. Hesabu inawakana. Pembe ikifika nyuzi 10, kasi ya upande unaoendeshwa hupungua na kuzidi kwa takriban asilimia 1.5, mara mbili kila mzunguko. Pembe ikiongezeka maradufu, tofauti hiyo hukua karibu mara nne. Rota nzito haikubali kuharakishwa na kucheleweshwa namna hiyo, hivyo kinachojipinda ni shafti, na chuma kinachopindwa bila kukoma huchoka.

Pili, wanataja helikopta ya Bell 47, iliyoidhinishwa kwa matumizi ya kiraia mwaka 1946, ikaruka miaka mingi bila sivi jointi, yaani jointi ya kasi sawa. Ni kweli. Lakini rota yake ina mapanga mawili tu, na wao wenyewe wanaeleza kwamba mlingoti wake hunyumbuka na kuumeza mtikisiko. Mtikisiko gani, kama hoja ya kwanza ilisema hauna madhara? Hoja hizo mbili haziwezi kusimama pamoja. Ndege ya V-22 Osprey, yenye mapanga matatu kila rota na kitovu kinachoinama chote, iliwekewa jointi ya kasi sawa.

Tatu, wanasema basi tuchukue sivi jointi ya gari. Kanuni yake ni sahihi: gololi hukaa kwenye bapa linaloigawa pembe nusu kwa nusu. Ila kwenye rota gololi hizo zingesuguana huku na huko chini ya mzigo mzito kwa saa nyingi, zikitegemea grisi iliyofichwa ndani ya mfuko. Jointi ya kasi sawa iliyojengwa kwa tabaka za mpira na chuma haihitaji grisi, na nyufa zake fundi huziona kwa nje.

Nne, wanalalamika kwamba mpira hupata joto na mitikisiko mingine hubaki. Vyote ni kweli. Joto ni jambo la kukadiriwa tangu usanifu. Mitikisiko inayobaki hutoka hasa kwenye hewa, kwa kuwa panga linaloenda mbele hukutana na upepo mkali kuliko linalorudi. Jointi ya kasi sawa haikuahidi kuizima. Wanaidai ukamilifu, ilhali krosi wanaisamehe asilimia 1.5.

Anayeitetea krosi alete hesabu ya uchovu wa shafti kwenye pembe kubwa kabisa ya rota. Hiyo ndiyo hukumu inayohitajika.